Risala ya Watafiti Chipukizi wa Biolojia ya Molekuli kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti, wahadhiri wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha katika hafla hii. Tunajua wewe ni miongoni mwa wanaoamua nani apandishwe cheo na nani apewe fedha za utafiti. Mezani pako hufika namba tatu za kila mtafiti: idadi ya makala, jumla ya mara alizonukuliwa, na fahirisi h. Leo tunaomba kusema namna zinavyopatikana na zinapopotosha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, fahirisi h ilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch. Makala hupangwa kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha huhesabiwa kushuka mpaka nafasi ya mwisho ambayo nukuu zake hazipungui namba ya nafasi hiyo. Mwenye makala zilizonukuliwa mara 90, 40, 22, 9, 6, 5 na 2 ana fahirisi 5, kwa sababu makala ya sita ina nukuu 5 tu. Ile ya kwanza hata ikifika 900, fahirisi itabaki 5. Tena haishuki kamwe, hata mtu akiacha utafiti, ndiyo maana si haki kumlinganisha mwenye miaka 5 ya kazi na mwenye miaka 25.

Makosa mengi huanza kwenye majina. Watu wawili wenye jina moja la ukoo na herufi moja ya mwanzo huunganishwa kuwa mmoja, na aliyebadili jina baada ya ndoa hugawanywa kuwa wawili. Dawa yake ni namba ya ORCID, yaani namba ya kipekee ya kumtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, iwekwe katika kila makala. Baada ya hapo rasimu ya awali na makala iliyochapishwa ziunganishwe zisihesabiwe mara mbili, nukuu za mtu kujinukuu zitajwe kando, na jina la hifadhidata iliyotumika liandikwe. Google Scholar kwa kawaida hutoa idadi kubwa kuliko Scopus au Web of Science, maana huhesabu pia tasnifu na rasimu. Anayechukua tarakimu ya mmoja huku na ya mwenzake kule hajalinganisha kitu.

Jingine ni aina ya makala. Makala inayoongoza kwa kunukuliwa ni ya Lowry na wenzake ya mwaka 1951, juu ya njia ya kupima kiasi cha protini. Hesabu ya mwaka 2014 iliipa nukuu zaidi ya 300,000. Ile ya Watson na Crick ya mwaka 1953 kuhusu muundo wa DNA haikuingia hata katika 100 bora. Mbinu hutajwa kila inapotumika, ilhali ugunduzi uliokwisha kuwa maarifa ya kawaida hautajwi tena. Makala za mapitio nazo hunukuliwa sana bila kuleta jaribio jipya.

Ama kipimo cha athari cha jarida, hicho ni wastani: nukuu za mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, zikigawanywa kwa idadi ya makala hizo. Makala chache huvuta wastani wote juu, nyingi zikabaki chini yake. Kumpa mtafiti alama kwa wastani wa jarida, kwa maoni yetu, ni uvivu wa kusoma. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, DORA, lililotangazwa mwaka 2013, linapinga jambo hilo waziwazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maombi yetu ni haya. Kila mwombaji awasilishe makala tano tu alizochagua, aeleze katika kila moja alifanya nini mwenyewe, kwani katika fani yetu jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya majaribio na la mwisho ni la kiongozi wa maabara. Wa katikati hupotea. Plasmidi, yaani vipande vidogo vya DNA vya mviringo vinavyotumika maabara, na mifuatano ya vinasaba aliyoweka wazi kwa wengine navyo vihesabiwe kuwa kazi. Na kabla ya kukubali nukuu yoyote, ikaguliwe kama makala imefutwa na jarida, maana makala zilizofutwa huendelea kunukuliwa kwa miaka.

Tunaomba kuwasilisha.