Saa 48 za kimya zianzie majumbani

Mhariri,

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027, lakini ukisikiliza mazungumzo ya asubuhi tunapovuka feri ya Likoni utadhani ni wiki ijayo. Sina ugomvi na wanaopenda siasa, kwa kuwa hata mimi naipenda, na nyumba niliyoolewa ni nyumba ya siasa tangu enzi za baba mkwe. Ninaloandikia ni jambo moja ambalo sheria imetupa na sisi tukalipuuza, nalo ni kwamba kampeni hukoma saa 48 kabla ya siku ya kupiga kura. Wanasiasa hunyamazishwa ili mpigakura apate kukaa na nafsi yake na kupima. Vipaza sauti huzimwa barabarani, nasi tukavifungulia majumbani.

Nitoe mfano wa kwangu. Mwaka 2022 kampeni zilikoma Jumamosi, Agosti 6, jioni. Jumapili yake jamaa walikusanyika kwa mavyaa wangu kwa chakula cha mchana, kama ilivyo desturi. Mume wangu alikuwa upande wa Azimio, muungano wa Raila Odinga, na mdogo wake upande wa Kenya Kwanza, muungano wa William Ruto, na kwa miezi miwili walikuwa wamevumiliana kwa sababu kila mmoja alishughulika na mikutano yake na kuonana kulikuwa kwa nadra. Siku hiyo hapakuwa na mkutano wa kwenda wala msafara wa kufuata, basi mkutano ukafanyika juu ya mkeka. Walianza na bei ya unga, wakaingia kwenye shughuli za bandari zilizohamishiwa Nairobi na Naivasha (jambo ambalo mimi, karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, nilikuwa na la kusema, lakini hakuna aliyeniuliza), wakaishia kwenye urithi wa shamba, ambao hauhusiani na debe hata kidogo. Shemeji aliinuka kabla hajatia tonge kinywani. Mavyaa aliifunika sahani yake kwa kawa, akakataza isiguswe, na hadi Jumatatu alasiri ilikuwa palepale, mafuta ya pilau yameganda ukingoni.

Usiku ule binti yangu, aliyekuwa ametimiza miaka 18 na ndiyo kwanza anajiandaa kupiga kura, alinifuata nikiosha vyombo akaniuliza, "Mama, kwani wanaogombea uwakilishi wa wadi yetu ni akina nani?" Sikuwa na jibu la maana. Niliwajua wawili kwa sura, kwa sababu mabango yao yalikuwa yamebandikwa kwenye ukuta wa duka la jirani, na baba yake alimjua mmoja kwa jina la utani. Watu wazima saba tulikuwa tumepigiana kelele saa mbili nzima juu ya uchaguzi, na hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kumtajia mtoto wagombea wa mahali anapolala.

Mpigakura wa Kenya hukabidhiwa karatasi sita: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge, ya mwakilishi wa kike na ya mwakilishi wa wadi. Ile ya rais ndiyo inayovunja undugu. Ilhali chekechea, zahanati, soko, mitaro ya maji ya mvua na uzoaji wa takataka ni kazi za kaunti, na bajeti yake hupitishwa na haohao wawakilishi wa wadi tusiowajua majina. Mvua za masika zikinyesha na maji machafu yakaingia sebuleni, hatumpigii simu rais.

Sisi wa Mombasa mwaka ule tuliongezewa somo. Mnamo Agosti 8, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilitangaza kuahirisha uchaguzi wa magavana wa Mombasa na Kakamega kwa sababu ya kasoro katika karatasi za kura zilizochapishwa. Tarehe 9 tukapiga kura kwa karatasi tano, na ya sita tukarudi kuipiga Agosti 29. Kituoni kwetu foleni ya mara ya kwanza ilizunguka uwanja wa shule. Ya mara ya pili niliingia na kutoka kabla ya chai ya saa nne. Wengi walikwisha kuchoka, au walihesabu kwamba uchaguzi wao ulimalizika yalipotangazwa matokeo ya urais Agosti 15. Lakini nikiri kwamba zile wiki tatu za ziada ndizo zilizonipa nafasi. Nyumba ilikuwa imetulia, hakuna aliyetaka kugombana tena, nami nilikaa barazani jioni nikisoma ahadi za kila mgombea juu ya maji na hospitali, nikilinganisha na yale ninayoyaona. Karatasi zile tano, isipokuwa ya rais, nilizitia alama kwa kufuata nembo ya chama. Katika kura sita nilizopiga mwaka ule, hiyo iliyochelewa ndiyo ninayoweza kuitolea maelezo bila haya.

Kuhusu wanaogombaniwa, sitasema mengi. Machi 7, 2025 Rais William Ruto na Raila Odinga walitia saini makubaliano ya vyama vyao kufanya kazi pamoja. Oktoba mwaka huohuo Raila akafariki nchini India, na Jumapili ya tarehe 19 mume wangu na mdogo wake walikaa mbele ya televisheni moja wakitazama mazishi ya Bondo, machozi yakiwatoka wote wawili. Hakuna aliyeitaja Jumapili ile ya pilau. Shamba halijagawanywa hadi leo.

Liko jambo jingine ambalo wanaume watanisamehe nikilisema. Kifungu cha 81 cha Katiba kinataka uchaguzi uwe kwa kura ya siri, na tunadhani siri hiyo inaanzia na kukomea kwenye kile kibanda cha kadibodi. Katika nyumba nyingi nizijuazo mzee hutoa agizo usiku wa kuamkia uchaguzi, na mke huulizwa jioni, wino ungali kidoleni, amemtilia nani. Mtu aliyekwisha kujua kwamba ataulizwa hawezi kufikiri kwa uhuru, hata akipewa saa 48 au 480. Binti yangu sikumuuliza, na baba yake nilimkataza. Mume wangu alinuna siku mbili.

Simaanishi kwamba watu waishi kama mabubu, wala kwamba watoto wasisikie siasa nyumbani, kwani pengine wataisikia wapi isipokuwa mitaani kwa wanaogawa fulana? Wabishane Juni na Julai. Ikifika hiyo Jumamosi jioni ya mwisho, kikundi cha jamaa kwenye WhatsApp kifungwe, wageni wa Jumapili waambiwe mapema kwamba chakula kipo na kampeni haipo, na kila mpigakura apate saa zake za kukaa peke yake na yale majina.

Hapo ndipo ninapokuja kwako, Mhariri. Kaunti yetu ina maeneo bunge sita na wadi 30. Nakuomba, wiki moja kabla ya siku hizo za kimya, utenge ukurasa utakaochapisha wagombea wa kila wadi, wadi kwa wadi, wamefanya nini na wanaahidi nini, bila ya picha zao za kutabasamu. Wa wadi yetu nitaukata kwa mkasi na kuubandika jikoni, pale juu ya beseni la kuoshea vyombo, usomwe na anayeosha.

Msomaji wako,
Likoni, Mombasa