Masista waliotufundisha mnawaandika lini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua, ikiwa ndefu punguza tu ila usiguse pale mwishoni ninapoomba kitu.

Mwezi uliopita huku kwetu jirani na Makambako tumemzika sista mmoja mzee aliyefundisha shule ya msingi tangu wengine hatujazaliwa. Kanisa lilijaa mpaka watu wakasimama nje kwenye manyunyu, walikuwepo madiwani, madereva wa malori, akina mama wa sokoni, Walutheri kibao na hata Waislamu wa mtaani kwetu maana wote hao aliwashika mkono kuandika a e i o u, halafu wiki nzima nikanunua magazeti nione, likiwemo la kwako Mhariri, hamna hata mstari mmoja. Mchezaji akihama timu anapewa kurasa mbili. Siwalaumu sana, mi mwenyewe naanzia michezo, lakini jamani!

Jina lake silitaji, hilo ni la wenzake wa shirika lake la kitawa kuruhusu.

Mimi nilianza darasa la kwanza 1978, ile Elimu kwa Wote imeshaanza na watoto tumekaa chini mpaka mlangoni. Shule ilishakuwa ya serikali, si unajua shule za misheni zilichukuliwa kwa sheria ya elimu ya 1969, ila sista alibaki palepale akaendelea kama mwalimu wa serikali. Baridi ya Njombe mwezi wa saba mnaijua, asubuhi majani yana barafu, vidole havishiki penseli, basi kipindi cha kwanza hatuandiki, anatusimamisha tunasugua viganja huku tunaimba saba mara nane hamsini na sita, saba mara tisa sitini na tatu, mpaka anaona vidole vimefunguka ndo anasema haya kaeni mtoe madaftari. Chaki aliimaliza mpaka ikabaki kama punje ya hindi, anaibana kwa kucha na bado anaandika, na mwandiko haupindi.

Kuna watu wanapenda kusema masista walikimbia maisha au walikosa wachumba. Anayesema hivyo hajui njia yenyewe, maana unaanza ukandidati (unaangaliwa kama unafaa), unaenda upostulanti (unaonja maisha ya shirika), unovisi (malezi yenyewe ya utawa) si chini ya mwaka mzima, halafu nadhiri za muda si chini ya miaka 3, ndipo uweke za daima za ufukara, usafi wa moyo na utii, na kabla ya hizo za daima ukiona huwezi unarudi kwenu, hakuna wa kukufunga kamba. Mshahara wa ualimu unaingia shirikani wote. Akitaka viatu anaomba.

Sasa hii ndo stori ninayotaka ijulikane. Wenzetu wa Dar wanajua mabinti wa kazi wanatoka Iringa na Njombe, wanasema kabisa nitafutie binti wa Iringa, kama vile anaagiza gunia la viazi, ila hawajui wanavyoondoka. Anakuja mama kavaa vizuri, anamwambia mzazi mtoto atasomeshwa mjini, mzazi ana shida, mtoto anapandishwa basi. Dada yangu alipandishwa hivyo akiwa darasa la sita. Sista alipoona nafasi tupu darasani hakuandika barua kwa mtu, alikwenda stendi ya Makambako akapanda ndani ya basi. Kondakta akamwambia, "Shikamoo Sista, tunachelewa sisi." Akajibu, "Marahaba mwanangu, chelewa. Nishushie furushi la huyu mtoto." Yule mama akaanza kelele kwamba kakubaliana na wazazi, sista kamsikiliza mpaka kamaliza, kamshika dada mkono wakashuka. Halafu akaja nyumbani jioni, "Tumsifu Yesu Kristo," akakaa kwenye kigoda, na baba alisemwa siku hiyo (mi nilikuwa nyuma ya mlango nasikia), ila kwa sauti ya chini na kwa heshima, na mwisho wakaelewana ada ya mchango italipwa kwa mahindi. Dada amefanya kazi ya uuguzi Mbeya mpaka amestaafu.

Sista wetu namfananisha na Sista Irene Stefani, Mwitaliano wa shirika la Konsolata, haohao Wakonsolata waliofika Iringa mwaka 1919. Irene alifika Kenya 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia akawauguza wapagazi, wale wabeba mizigo wa jeshi, huko Voi na hata huku kwetu Kilwa na Lindi, baadaye kule Gikondi, Nyeri, akawa mwalimu anayezunguka vilima kwa mguu kuita watoto shule, na wasiojua kusoma anawaandikia barua za watoto wao walioko mbali. Alikufa 31 Oktoba 1930 kwa tauni aliyoipata kwa mgonjwa aliyekuwa anamuuguza. Watu wa pale walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma, na tarehe 23 Mei 2015 akatangazwa mwenye heri, hatua ya mwisho kabla ya kuitwa mtakatifu, Nyeri hapohapo. Leo tunazijua habari zake kwa sababu waliomjua walisema na kuna mtu aliandika. Wa kwetu ni masista Waafrika, wamefundisha miaka arobaini, na hatuna hata karatasi moja.

Basi ombi langu Mhariri, tuma mwandishi. Sista aliyeanza unovisi pamoja na huyu wetu tuliyemzika bado yupo, kumbukumbu ziko sawasawa, na wapo wengine kwenye nyumba za masista za Tosamaganga na Imiliwaha wa umri huohuo. Aje na kinasa sauti, asije na maswali ya miujiza, aulize walikuwa wanalipwa nini, walilala wapi, walifundishaje watoto mia kwa vitabu vitano. Kibali aombe kwa Mama Mkuu, kiongozi wa shirika, kwanza, asiruke. Na asije asubuhi, huyo bibi pamoja na uzee wake saa mbili mpaka saa sita yuko na watoto wa chekechea na hatoki hata aje askofu.

Msomaji wenu,
Makambako, Njombe