Patasi za kukerezea huliwa na jiwe, si na mpingo

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wakerezaji wenzangu, pamoja na walimu wa karakana za useremala, kuhusu kunoa. Patasi ikifupika kabla ya wakati wake, lawama hupewa mpingo. Ni kweli mpingo humaliza makali upesi, lakini mti hauwezi kula sentimita nzima ya chuma. Anayeila ni jiwe la grenda, akisaidiwa na mazoea yetu ya kunoa leo kwa pembe hii na kesho kwa pembe nyingine.

Tupige hesabu. Jiwe la kipenyo cha mm 150 kwenye grenda ya mezani inayozunguka mara 2,800 kwa dakika hupita kwenye chuma kwa kasi ya mita 22 hivi kwa sekunde. Mkanda wa msasa unaovutwa na puli ya mm 60 kwa mota ya mizunguko 1,400 hupita kwa mita 4.4 hivi tu. Msuguano ni mdogo, joto ni dogo, na mkono unapata nafasi ya kufikiri. Tena jiwe hupungua kila wiki, na hapo mteremko wa makali, yaani upande ulioinama kuelekea makali, unachimbika kibonde kinachobadilika umbo kadiri jiwe linavyokwisha. Mkanda ukipita juu ya bamba bapa hutoa mteremko bapa, mwaka huu na mwaka ujao. Tofauti hiyo anaihisi mara moja mwenye patasi ya mshazari, ile yenye makali yaliyokatwa mshazari: mteremko bapa unalala juu ya mti, patasi haiuparamii na kurarua kazi.

Mashine zake zipo. Robert Sorby wa Sheffield, Uingereza, hutengeneza ProEdge, yenye mkanda wa upana wa mm 50 na urefu wa mm 686, na meza inayofungwa kwenye pembe zilizokwisha kupimwa. Asiyeweza kuinunua atengeneze yake, na hapa mkerezaji ana bahati kuliko fundi mwingine yeyote, kwa kuwa magurudumu ya mkanda anaweza kuyakereza mwenyewe kwa mti mgumu uliokauka. Gurudumu moja lazima liwe na kitumbo: mm 60 katikati, mm 59 pembeni. Bila kitumbo hicho mkanda utakimbilia upande mmoja na kuchomoka. Nyuma ya mkanda weka bamba la chuma lililonyooka, unene wa mm 5 au zaidi. Kiegemeo cha patasi kiwe karibu na mkanda, pengo lisizidi mm 2, maana pengo kubwa humeza ncha ya patasi na kidole nyuma yake. Mota ya nusu hosipawa inatosha.

Kabla ya kunoa, jua chuma chako, hasa ukinunua mitumba isiyo na alama. Gusa mkanda kwa kisigino cha patasi, yaani mwisho wa mteremko ulio mbali na makali, utazame cheche. Cheche nyingi za manjano-meupe zinazopasuka kama nyota ni chuma cha kaboni. Cheche chache, nyekundu iliyofifia, zisizo na matawi, ni HSS, chuma kigumu kinachostahimili joto. Chuma cha kaboni kikigeuka buluu kimeshapoteza ugumu; usidanganyike kwa kukisugua king'ae, sehemu hiyo yote inabidi iondolewe. Kichovye majini kila baada ya sekunde chache. HSS huvumilia joto kubwa mno, buluu haiidhuru, lakini usiichovye majini ikiwa ya moto, kwani makali hupata nyufa ndogo zisizoonekana na baadaye humeguka vipande vipande. Patasi zilizotengenezwa kwa tupa kuukuu ni habari nyingine: chuma cha tupa ni kigumu lakini kinavunjika kama kigae, na kikikatikia kwenye kiegemeo huku mti unazunguka, kipande huruka usoni.

Sasa kubadili umbo, ambako ndiko wengi wanakoharibu. Fundi huanza kwa kusaga mteremko moja kwa moja, ncha inakuwa nyembamba mapema, inaungua. Anza na umbo linaloonekana ukiitazama patasi kutoka juu. Chukua mkanda namba 60 au 80, wa chembe kubwa, ielekeze patasi moja kwa moja kwenye mkanda, makali yakiwa butu kabisa, usage mpaka mchoro wa ncha uwe unaoutaka. Utaona mstari mweupe wa mwanga kwenye makali, mnene katikati au pembeni. Ndipo ulaze patasi kwenye pembe yake na kusaga mteremko, ukiufuata mstari ule: ulipo mnene saga zaidi, ulipo mwembamba ruka. Ukibaki kama unywele, simama, badilisha mkanda uweke namba 120, umalize taratibu.

Pembe zenyewe si siri. Patasi pana ya mfereji ya kutolea maganda, nyuzi 45. Bobari, yaani patasi ya mfereji mwembamba, ya kazi ndefu kama miguu ya vitanda na vijiti vya ngazi, 35 hadi 40. Ya bakuli, 45 hadi 60, kwa kuwa ndani ya bakuli refu pembe kali haifiki chini. Patasi ya kukwangulia, 70 hadi 80. Mshazari, miteremko yake miwili ikijumlishwa, 30 kwa mbao laini na karibu 40 kwa mpingo. Anayeng'ang'ania 25 kwenye mpingo anajitafutia makali yanayokunjika.

Kunoa kwa kawaida kusichukue zaidi ya nusu dakika. Paka mteremko wino wa maka peni, zungusha mkanda kwa mkono umeme ukiwa umezimwa, kisha tazama. Wino ukifutika kisiginoni tu, inua mpini kidogo. Ukifutika kwenye makali tu, ushushe. Ukifutika wote, washa, pitisha mara mbili au tatu kwa mkanda namba 120 au 240, rudi kazini. Bobari inazungushwa kwa mwendo mmoja, mpini ukiwa umeegemezwa mahali palepale kila siku. Pima kwa kijiti urefu wa chuma kinachojitokeza, kwa mfano mm 50, na ukitundike ukutani. Bobari ikitoka na ncha kama ya mkuki, ulikawia pembeni. Ikitoka na pengo katikati, mkono ulilala hapo.

Makali yakitoka ya mviringo, usilaumu mkono kwanza. Shika mkanda: mkanda uliolegea huvimba mbele ya ncha na kuikumbatia. Kaza. Na mkanda uliochakaa hauokoi pesa. Fundi huukandamiza zaidi ili ukate, nao hutoa joto badala ya cheche. Unaponoa kwa mkono bila meza, mkanda uwe unakimbia kuyaacha makali, la sivyo patasi itauchana na kukurudia. Miwani ni lazima. Glavu vua.

Kuna hatari moja ambayo sijaiona ikibandikwa kwenye ukuta wa karakana yoyote. Mashine ya mkanda iliyotumika kulainisha mbao mchana ina vumbi la mbao tumboni na kwenye mfuko wake. Jioni mtu ananoa patasi, cheche zinaingia mle, zinafuka polepole, na moto huwaka wakati mlango umeshafungwa. Kama mashine ni moja tu, ondoa mfuko, pulizia nje vumbi lote, tumia mkanda wa kusagia chuma peke yake, na usiondoke kabla ya nusu saa. Walimu wa ufundi watenge mashine ya chuma na ya mbao. Wasipoweza, hata hatua hizi ziandikwe juu ya swichi.

Na kwa wauza vifaa, hasa wa pwani: mikanda msiikunje na kuitundika kwenye misumari. Unyevu huachisha gundi ya kiungo, na pale ilipokunjika ndipo inapokatikia. Ining'inizeni kwenye bomba nene mahali pakavu, na mwonyesheni mnunuzi mshale uliochapwa ndani ya mkanda, ili asiufunge kinyume.

Mkerezaji,
Tanga