Daftari la 1+4

Bukavu, mashariki mwa Kongo

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na hasira yako nimeisikia. Unauliza ilikuwaje sisi wazazi wenu tukakubali kutawaliwa na watu waliokuwa wakipigana juu ya vichwa vyetu. Hilo si la kujibu kwa simu.

Usiku wa tarehe 30 Juni 2003 ulikuwa bado tumboni. Betri za redio nilikuwa nimezianika juani mchana kutwa zipate nguvu kidogo. Mama yako alishika tochi, mimi nina daftari magotini. Yakasomwa majina ya serikali ya mpito ya kumaliza vita: mawaziri 36, manaibu 25. Mkataba wa amani wa Pretoria wa Desemba 2002 ulikuwa umeshagawa viti kwa makundi: serikali ya Kinshasa, waasi wa RCD, waasi wa MLC, upinzani usio na silaha, asasi za kiraia, wanamgambo wa Mai-Mai, na vikundi viwili vilivyomeguka kutoka RCD. Kwa hiyo pembeni ya kila jina niliandika limetoka upande gani. Juu Rais Joseph Kabila, chini yake makamu wanne: Yerodia Ndombasi wa upande wake, Jean-Pierre Bemba wa MLC akikabidhiwa uchumi na fedha, Azarias Ruberwa wa RCD akikabidhiwa siasa, ulinzi na usalama, na Z'ahidi Ngoma wa upinzani. Ndiyo 1+4 unayosoma huko chuoni.

Ilipofika Wizara ya Ulinzi, ikaenda RCD, waliokuwa wakiutawala mji wetu. Mama yako akazima tochi. Akasema betri zitaisha. Nikamalizia kuandika gizani.

Sikufurahi, mwanangu. Étienne Tshisekedi, aliyepinga miaka mingi bila kushika bunduki, alibaki nje, na wenye majeshi wakaingia. Hilo linaniuma mpaka leo, maana kijana wa mlimani aliyekuwa akitazama aliona wazi kiti kinapatikanaje.

Lakini pima na hili. Nchi ilikuwa imekatwa vipande. Kutoka hapa kwenda Kinshasa, mji wa nchi yako mwenyewe, ilikupasa uzunguke kwenye nchi za watu, uwe na pesa na pasipoti. Babu yako alifia Kinshasa mwaka 2001. Habari ilinifikia ameshazikwa wiki mbili. Ningekubali hata makamu kumi ili njia ile ifunguke.

Na haikuwa rahisi. Juni 2004 maofisa waliokataa kutii amri ya jeshi jipya waliuteka mji huu. Ulikuwa na miezi minane, tumekulaza chini ya kitanda, mama yako amekuziba masikio kwa viganja. Nilijua basi, imekwisha. Agosti hiyohiyo Ruberwa akasitisha ushiriki wake serikalini, kisha akarudi. Wakaburuzana hivyo hivyo mpaka kura ya maoni ya katiba, Desemba 2005, na uchaguzi wa tarehe 30 Julai 2006. Siku hiyo ulikaa mabegani mwangu kwenye foleni tangu alfajiri, ukinivuta masikio.

Daftari nakutumia, dada yako anapanda ndege Jumamosi. Ukifika pale mistari inapopinda, ujue ndipo tochi ilipozimwa.

Baba yako