Salamu za Noeli Wakati Vyuma Vimekaza

Ndugu, jamaa na marafiki, Tumsifu Yesu Kristo. Kwa wenye salamu nyingine, Bwana Yesu asifiwe. Na kwa majirani zetu Waislamu, asalaam aleikum, kwa kuwa pilau ya tarehe 25 tutaila sote.

Nawaandikia mapema, tukiwa bado katika Majilio, kwa sababu salamu zinazofika usiku wa mkesha humkuta mtu ameshakopa. Nyumba nyingi ninazozifahamu hapa Dar es Salaam mwaka huu zinasema neno moja, kwamba vyuma vimekaza, na wengi wanalisema kwa sauti ya chini, utadhani kukosa fedha mwezi wa Desemba ni kosa la kupelekwa kituoni.

Injili ya Luka, sura ya 2, inasimulia kwamba mtoto Yesu alilazwa horini kwa kuwa hapakuwa na nafasi katika nyumba ya wageni, na habari hiyo huhubiriwa kila mwaka. Usiohubiriwa sana ni mstari wa 24 wa sura hiyohiyo. Siku wazazi walipompeleka mtoto hekaluni Yerusalemu, sadaka inayotajwa ni hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Ukirudi katika Mambo ya Walawi, sura ya 12, utakuta kwamba mama aliyejifungua alitakiwa kutoa mwana-kondoo wa mwaka mmoja pamoja na ndege mmoja, na kwamba ndege wawili walikuwa ruhusa ya yule asiyeweza kumpata mwana-kondoo. Yusufu na Mariamu, basi, walitoa kwa kipimo cha watu wasio na uwezo, tena hadharani, wala haisemwi popote kwamba walikopa mwana-kondoo ili wasichekwe.

Wenzetu wa Kilimanjaro tumewatania miaka mingi kwamba Desemba wanakwenda kuhesabiwa, na utani huo una Biblia ndani yake, maana Yusufu naye alitoka Nazareti kwenda Bethlehemu, mji wa ukoo wake, kwa ajili ya kuandikwa. Lakini kuhesabiwa kuna gharama zake: nauli ya kwenda na kurudi kwa watu watano, sukari na majani ya chai ya bibi, mbuzi wa ndafu anayesubiriwa na ukoo mzima, pamoja na mbege ya wazee. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi iliporejea Desemba 2019, baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20, iliwapa nafuu wasio na haraka, na wapo wanaoponea kwa kukata tiketi ya basi mapema kabla viti havijaisha. Hata hivyo, kuna nyumba ambazo mwaka huu hesabu inakataa kabisa. Kwa hao nasema bila kuzunguka: wapigieni wazee simu sasa, msingoje tarehe 23, muwaambie kwamba hamji, kisha kile kidogo kilichokuwa kimetengwa kwa nauli kitumwe nyumbani kwa simu, pamoja na ya kutolea. Bibi aliyepokea shilingi 30,000 na ya kutolea hajatupwa. Anayeumia ni yule anayeambiwa "tunakuja" hadi misa ya mkesha inakwisha.

Ndani ya nyumba nako, lililo gumu kuliko yote ni kukitaja kiasi. Baba anajua alicho nacho, mama anajua alichoficha, watoto wanakumbuka kilicholiwa mwaka jana, na wote wananyamaza wakitarajia muujiza. Ningeshauri jioni moja watu wazima wakae na karatasi, waanze kuandika matumizi ya Januari kabla ya yale ya Desemba: kodi ambayo wenye nyumba wengi huitaka ya miezi kadhaa kwa mpigo, sare, madaftari, viatu, na michango ya shule, ambayo haikukoma kwa sababu tu elimu bila ada ilianza mwaka 2016. Kinachobaki baada ya hapo ndicho cha sikukuu, na watoto waliokwisha kujua kujumlisha waelezwe. Mtoto wa darasa la tano anayeambiwa ukweli huelewa kuliko tunavyomdhania, na mara nyingine ndiye anayekuja na wazo zuri. Walio katika vikoba, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, vinavyovunjwa mwezi huu wana bahati, mradi mgawo wao usiishie wote kwenye meza ya siku moja. Mikopo ile inayoitwa kausha damu naiogopa zaidi mwezi huu kuliko mwezi wowote, kwa maana hutolewa upesi kwa dhamana ya televisheni au jiko la gesi, na marejesho huanza kudaiwa wakati harufu ya pilau haijatoka nguoni.

Nimeitaja pilau, na hapa ndipo wengi wanapodhani kwamba bila kilo nne za nyama hakuna sikukuu. Kilo moja inatosha watu wanane, ikiwa mpishi ana subira. Nyama ikatwe vipande vidogo, ichemshwe kwa tangawizi, kitunguu saumu na chumvi hadi ilainike, na supu yake isimwagwe hata tone, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayopikia mchele. Vitunguu maji vikaangwe taratibu hadi viwe kahawia iliyokolea bila kuungua, maana rangi ya pilau inatoka hapo, na anayeharakisha hatua hii hata akiweka ng'ombe mzima atapata wali mweupe wenye vipande vya nyama. Bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga vinunuliwe vikiwa vizima, kwa vifungu vidogo vya sokoni, vitwangwe nyumbani siku hiyohiyo. Viazi mviringo vilivyokatwa nusu huingia pamoja na nyama, navyo hujaza sufuria na kunyonya viungo kiasi kwamba watoto huvigombea. Supu ikikaribia kukauka, moto wa chini upunguzwe na mfuniko upaliwe makaa. Kachumbari haina gharama kubwa. Kuku wa kienyeji, ambaye bei yake hupanda wiki ya sikukuu, asiyemfuga amwache aendelee kuwika. Kwa upande wa vinywaji, Desemba ni msimu wa maembe, na ukwaju upo. Kreti ya soda si sharti la imani.

Kuhusu nguo, nitasema machache. Nguo za sikukuu kwa watoto ni desturi nzuri, lakini viatu vyeusi vipya vya shule vikivaliwa kanisani tarehe 25 na darasani Januari, vimelipiwa mara moja na vimefanya kazi mbili. Anayejua kuchagua mtumba adamke kwenda Mchikichini, Ilala, wakati marobota yanafunguliwa, na gauni la dada lililokuwa na pindo pana lipelekwe kwa fundi cherehani lirefushwe, lirithiwe na mdogo wake aliyemzidi kimo. Mapambo ndiyo yasiyostahili fedha kabisa: tawi la mvinje, maputo machache, na pamba iliyonyofolewa ikaitwa theluji (katika joto hili la Dar es Salaam, sijui ni nani aliyetuanzishia jambo hilo). Nje, mikrismasi imekwisha kuchanua maua yake mekundu pasipo kumdai mtu senti.

Kitu kimoja ningependa kisipunguzwe, hata kama nyama ni nusu kilo, nacho ni sahani ya jirani. Kabla watu hawajakaa kula, ipakuliwe sahani iliyofunikwa vizuri, apewe mtoto aipeleke kwa yule mama mjane wa mlango wa pili, au kwa mlinzi aliye zamu ambaye sikukuu imemkuta getini mbali na wanawe. Sahani hiyo isisubiri mabaki. Majirani zetu Waislamu walituletea yao Idi ilipofika, na kwa adabu ya uswahilini sahani hairudi tupu, hivyo deni hilo ni la heri na linalipika kwa mwiko mmoja.

Basi nawatakia nyote Noeli njema. Walio safarini Mungu awafikishe salama, walio wodini awape nafuu, na waliofiwa mwaka huu, ambao kiti kimoja mezani kitakuwa wazi, awafariji. Atakayepita kwetu baada ya misa ya asubuhi asipige hodi kwa wasiwasi wala asilete zawadi. Akiweza aje na kigoda chake, kwa kuwa viti havitatosha.