Matanga yakishaanuliwa, jumuiya zisiondoke

Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo. Naomba nafasi niseme na viongozi wa jumuiya ndogondogo, vikundi vya akina mama na wazee wa kanisa wa huku Kanda ya Ziwa, wa madhehebu yote, kuhusu namna tunavyomhudumia Mkristo aliyepigwa na msiba, ugonjwa au kufilisika.

Kwenye mazishi hatuna upungufu. Turubai linafungwa, masufuria yanakuja, kwaya inakesha, daftari la rambirambi linazunguka. Taabu huanza matanga yakishaanuliwa. Mjane wa mvuvi anabaki na nyumba ya watu watano wanaokula kama kilo 2 za unga kwa siku, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 haumfikishi wiki mbili. Tajiri wa mtumbwi anadai alichomkopesha marehemu, mwenye duka naye anadai, ndugu wanauliza injini iko wapi. Imani ya mtu hutikisika hapo kuliko kaburini, na hapo ndipo sisi hatupo.

Katika Marko 2, yule mwenye kupooza alibebwa na watu wanne wakatoboa dari. Injili inasema Yesu aliiona imani yao. Kwa hiyo napendekeza kila nyumba iliyopigwa ipewe watu wanne wa kuibeba kwa miezi sita, majina yao yaandikwe kwenye daftari la jumuiya na kila mmoja ajue kazi yake: mmoja chakula, mmoja madeni na makaratasi, mmoja watoto na shule, mmoja sala.

Wa chakula apeleke kidogokidogo kila wiki: unga, maharage, mafuta, chumvi, sabuni. Fedha nyingi ikikabidhiwa hadharani, wadai na ndugu wanajua kiasi, na kesho yake imekwisha. Jumuiya zilizo karibu na mialo, yaani fukwe wanakoshushia samaki, ziangalie pia mwezi kabla ya kuitisha mchango. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka hawafuati taa vizuri, mitumbwi inakaa nchi kavu, na karibu hakuna mwenye kitu mfukoni. Ukiitisha mchango wiki hiyo, wasio nacho wanaona aibu na wanaacha hata kuja kusali. Kusanyeni wakati wa giza, mwekeni akiba ya mbalamwezi. Masika pia iwe na akiba yake, kwa sababu dagaa wakinyeshewa kabla ya kukauka bei huanguka na huishia kuwa chakula cha kuku.

Wa madeni ndiye mgumu kumpata, na naomba achaguliwe kwa makini, awe mtu asiyedaiwa na asiyedai katika nyumba hiyo. Aandike kila deni: nani anadai, kiasi gani, nani shahidi, karatasi iko wapi. Mjane asilipe chochote kwa rambirambi eti kwa sababu mtu amekuja na sauti kubwa. Madeni ya marehemu hulipwa kutoka katika mali ya marehemu, kupitia msimamizi wa mirathi. Amsindikize kufuatilia cheti cha kifo, ahimize kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, kisha waende Mahakama ya Mwanzo. Nyavu, injini na mtumbwi viorodheshwe mbele ya mjumbe mapema, kabla havijahamishiwa kisiwa kingine.

Kwa mgonjwa aliyelazwa Hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, mkumbukeni anayemuuguza. Wanaotoka Ukerewe au Buchosa kwa matibabu ya saratani hukaa mjini wiki nyingi, na mara nyingi muuguzaji ndiye anayelala na njaa. Jumuiya za Nyamagana na Ilemela zinaweza kugawana siku za kupeleka chakula. Wekeni pia orodha ya wachangia damu: wenye miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, wanaume kila baada ya miezi mitatu, wanawake minne. Orodha iwepo kabla ya dharura.

Sasa maneno yetu. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Waliharibu walipoanza kumtafutia kosa. Tusimwambie mfiwa kwamba imani yake ni ndogo, wala kumlazimisha kutoa ushuhuda wakati jeraha ni bichi. Eliya alipotaka kufa, malaika alimpa mkate na maji, akalala, akaamshwa, akala tena. Safari ilifuata baadaye. Mwenye zamu ya sala akae nusu saa, asome Zaburi ya 13 au ya 88, wasali Baba Yetu, aondoke. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado ni sala. Mtu asiyeweza kusali asikemewe, asaliwe akiwapo.

Jaribu kubwa la huku kwetu ni lile swali la "nani kamroga". Linaletwa na jirani au shangazi, mara nyingi kwa nia njema, na linampeleka mfiwa kwa mganga, kisha linamwangukia bibi kizee fulani mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni. Tunajua damu iliyomwagika Usukumani kwa njia hiyo. Wale wanne walikatae swali hilo waziwazi siku ya kwanza, na wakisikia bibi anatajwa wamwarifu mtendaji na polisi siku hiyohiyo.

Vilevile, anayemwambia mgonjwa aache dawa kwa sababu amepakwa mafuta anamhatarisha. Kuacha ghafla dawa za kifafa kunaweza kuleta degedege zisizokoma. Dawa za kifua kikuu zikikatizwa, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu. Sala na vidonge vyote vipokelewe kwa shukrani.

Mtu akikosa usingizi na hamu ya kula zaidi ya wiki mbili, akigawa vitu vyake, akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake hata usiku mmoja. Ondoeni dawa ya pamba, ile sumu ya wadudu, ndani ya nyumba, mpelekeni hospitali. Kumuuliza kama anafikiria kujiua hakumwingizii wazo hilo. Humpa nafasi ya kusema.

Baada ya miezi mitatu padri au mchungaji awaite wale wanne awasikilize wao, maana wabebaji nao huchoka, na aliyechoka huanza kukwepa nyumba ile bila kusema. Anayeomba kupumzika abadilishwe bila maswali. Tarehe ya kifo iandikwe kwenye kalenda ya jumuiya, ili mwaka ukitimia watu waende.

Katekista,
Ilemela, Mwanza