Kazi ya kufanya kabla ya kukutana kesho

Hamjambo wanakikundi. Kabla hatujaendelea na determinanti (namba inayoonyesha matriksi, yaani jedwali la namba, inakuza au kubana eneo mara ngapi), kila mmoja aifanye hii kwa kalamu, kikokotoo kiwekwe pembeni: matriksi yenye safu wima (2, 1) na (4, 2). Determinanti ni 2×2 − 4×1 = 0. Msiishie hapo! Zichoreni hizo safu mbili kama vekta, yaani mishale kutoka (0, 0). Zote zinalala kwenye mstari mmoja, kwa hiyo matriksi inalibana bapa zima (uso wote wa x na y) likawa mstari, na kilichobanwa hivyo hakirudi. Ndiyo maana matriksi hii haina kinyume (matriksi inayotengua kazi yake).

Kisha, kwa matriksi hiyo hiyo, tatueni 2x + 4y = 6 na x + 2y = 3. Badilisheni hiyo 3 iwe 4, muone kinachotokea.

Thamani eigeni, yaani namba zinazoonyesha matriksi inarefusha baadhi ya vekta mara ngapi bila kuzitoa kwenye mstari wake, bado (mliokwisha kimbilia huko, rudini). Picha za kazi zitumwe humu leo kabla ya saa 3 usiku.